Wafaransa Hugonga Mara Tatu

Ulikuwa mwaka tuliokula mchuzi mweupe. Nyanya ziliadimika London nzima. Madukani walibandika karatasi kwamba mtu asichukue zaidi ya pakiti tatu, na ukifika hata hizo tatu hazipo. Hapa Tottenham tuliunga maharage kwa nazi na ukwaju, wageni wakala wakanyamaza. Ndio mwaka ambao mjukuu wangu aliniletea Wafaransa nyumbani.

Walikuja ndani ya vitabu. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasomea Kifaransa na maigizo. Mimi niliishia darasa la nne, nikaja kusafisha ofisi za watu mjini hapa zaidi ya miaka ishirini, na sioni haya kusema kwamba nilipoambiwa maigizo ni somo, niliona tumepigwa. Nilimwambia mama yake mtoto amekwenda kusomea uongo.

Basi akawa anakuja kwangu Jumamosi, anakula, ananisimulia. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo tuliongea hivyo hivyo, kila mtu na lugha yake. Akanieleza kwamba baada ya vita kuu ya pili, Paris haina makaa wala mkate wa kutosha, watu walijazana kwenye kumbi za baridi kusikiliza wenzao wakiulizana jukwaani: mtu yuko huru kweli? Ubaya ukipita mbele yako ukanyamaza, nani wa kulaumiwa? Hata walimu wa falsafa waliandika michezo, maana kitabu utakifunga, lakini ukishakaa ukumbini huna pa kukimbilia. Mchezo ukitoka, wasomi waligombana magazetini, wengine wakanuniana, wakikutana mkahawani hawasalimiani.

Hapo niliweka mwiko chini. Nimeona watu wakinuniana kwa kiwanja, kwa mume, kwa sahani iliyoazimwa isirudi. Kununiana kwa sababu ya wazo, huo nikauita utajiri.

Akachagua mchezo mmoja wa siku zile, akautia Kiingereza mwenyewe, akawafundisha wenzake kuucheza. Kuna chumba, watu watatu na mlango. Nje ya mlango kuna mtu. Kwa muda wa saa moja na nusu wanabishana kama wamfungulie. Mmoja anasema hakuna mtu. Wa pili anasema yupo, lakini hawahusu. Wa tatu, mwanamke, anasema wakikaa bila kuamua ndio wameshaamua.

Mama mmoja mwenye ukumbi mdogo katikati ya mji alikubali kuja kuutazama. Akiupenda angeuchukua wiki mbili, na mjukuu wangu angetoka chuoni kazi yake inajulikana. Asipoupenda, mjukuu angerudi kubeba sahani mkahawani. Mtoto hakulala wiki nzima.

Siku ya siku nilivaa kitenge changu cha harusini, nikapanda treni ya Victoria line hadi chuoni kwao, nikakaa mstari wa mbele kwenye kiti cha kuumiza makalio. Hakuna aliyekuwa ameniambia desturi moja ya Wafaransa. Kwao, kabla mchezo haujaanza, mtu hugonga sakafu ya jukwaa kwa gongo mara tatu, watu wanyamaze. Siku hizi wengi wameiacha, lakini mwalimu wa mjukuu wangu, mzee wa Kifaransa asiyevua skafu hata ndani ya nyumba, aliitaka.

Taa zikazimwa. Ngo. Kimya. Ngo. Kimya. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hubisha hodi mara tatu, na ya tatu isipojibiwa anageuza, na aibu inabaki kwa wenye nyumba. Ilipolia ya tatu na ukumbi mzima umekaa kama magunia, mdomo ulinitangulia.

"Karibu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nje ya ua. "Karibu, pita ndani."

Taa za jukwaani zikawaka. Wale waigizaji watatu wananitazama mimi. Wanaanza kubishana kama wamfungulie mtu ambaye nimeshamkaribisha. Mjukuu wangu kasimama ukutani, kajifunika uso kwa viganja. Nikajua nimemharibia.

Lakini nasema kweli, baada ya muda kidogo niliisahau aibu. Hakuna ngoma, hakuna nguo za kumeta, ni maneno tu, na yalinishika shingo. Yule mwanamke alipoweka sikio mlangoni, akamsikia mtu wa nje anapumua, akarudi kukaa, nililia. Nimeishi ghorofa ya nne miaka kumi na mmoja, na mlango wa jirani haujafunguka hata siku moja nikigonga. Mfaransa aliyeandika hakufika Tottenham, lakini alimjua jirani yangu.

Ulipokwisha hakuna aliyeondoka. Mwalimu aliwabakiza wajadiliane, ndivyo wanavyofanya kwao. Kijana mwenye miwani akasema sauti ya yule bibi ndiyo pekee iliyokuwa huru alasiri ile. Mwenzake akamkatalia, ati yale ni mazoea, na mazoea si uhuru. Wakavutana karibu saa nzima, nami nimekaa katikati yao. Nikawaambia uhuru wao siujui, ila kwa mama yangu, ukinyamaza mtu anabisha hodi, unachapwa. Wakacheka, kisha yule wa mazoea akayaandika maneno yangu. Mwalimu akaja kunibusu mkono, akasema Wafaransa wamegonga miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuwajibu.

Mwenye ukumbi naye akasogea. Mchezo anauchukua, wiki mbili, kwa sharti moja: kila siku nikae pale mbele, na ikigongwa ile mara ya tatu niseme karibu yangu.

Mjukuu wangu akapiga magoti mbele ya kiti changu. Akanisemesha kwa Kiswahili, kitu ambacho hakufanya tangu ameanza shule.

"Bibi, ni neno moja tu. Tafadhali."

Yule mtoto ningempa figo. Lakini neno lile nililitoa kwa kuwa nilidhani yuko mtu. Kesho yake ningejua ni gongo. Wale waigizaji ni mafundi, wanausema uongo unakuwa kweli. Mimi ningeusema ukweli wangu ukageuka uongo.

"Mgeni akibisha hodi nitamkaribisha," nikamjibu. "Kumkaribisha mtu ambaye hayupo, sitaki."

Mwenye ukumbi akauliza bibi anasemaje. Ukumbi ule hatukuupata. Mchezo ulikuja kuchezwa miezi mingi baadaye, mahali padogo zaidi, na watu wakajaa. Ila saa ile mtoto hayo hakuyajua. Angeweza kusema bibi amechoka, bibi ana presha, atafikiria. Akainuka, akakung'uta magoti, akamtafsiria kwa Kiingereza, nami nikafuata kila neno nione atapunguza wapi. Hakupunguza.

"Mgeni akibisha hodi nitamkaribisha. Kumkaribisha mtu ambaye hayupo, sitaki."