Hakuna Kuchuma Kabla Karimi Hajasoma

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kikundi cha wakulima wa miraa huko Laare, Meneja alinionyesha kompyuta akasema, "Karimi, kazi yako ni oda za wanunuzi. Habari niachie mimi na redio yangu."

Nyinyi vijana hamjui redio ilivyotutesa kwa kuchelewesha habari. Miraa ikishachumwa haingoji. Utaifunga kwa majani ya mgomba vizuri sana, lakini isipopata ndege ya kuipeleka ng'ambo, kesho kutwa ni chakula cha mbuzi.

Mimi ni mdadisi, sikatai. Katika programu yetu ya barua pepe niligundua mahali pa kuweka mlisho. Mlisho ni anwani unayoichukua kwenye tovuti ya gazeti na kuibandika mara moja tu. Kuanzia hapo vichwa vya habari vinakuja vyenyewe, kama barua. Mwanzoni niliviacha viingie pamoja na oda, vikazifunika, nikagombezwa vibaya. Nikavitengea folda yake.

"Bado unasoma gazeti kwa kazi?" Meneja aliniuliza.

"Nasoma soko, Mzee."

Asubuhi moja wachumaji walikuwa nje wakingoja amri. Nikafungua folda. Nchi iliyonunua karibu miraa yetu yote ilikuwa imezuia mizigo ya miraa kuanzia siku hiyo. Nikamkimbilia Meneja.

"Redio haijasema," akajibu. "Na mnunuzi ameniambia jana tuchume."

"Mnunuzi hajasoma. Mzee, ukichuma leo, utawaambia nini wakulima?"

Aliwachungulia wachumaji dirishani. "Haya, wasichume. Lakini ikikuwa uongo, Karimi, kesho usikuje."

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi bila hata kunywa chai. Ilipofika saa saba redio ikasema, neno kwa neno. Kote sokoni miraa ya wengine ilikuwa imeshafungwa tayari kusafiri. Yetu ilikuwa bado mtini, mbichi kabisa! Nilicheka mpaka nikalia. Na soko lilipofunguliwa tena, folda ile ile ilituambia, na mzigo wetu ukawa wa kwanza kufika uwanja wa ndege.

Sasa nimestaafu, nalima viazi vyangu Kianjai. Naambiwa simu siku hizi huleta kila kitu. Sawa, lakini mimi nilichagua cha kuletewa, na bado najivunia. Juzi nilipita ofisini kusalimia. Ukutani bado kuna karatasi aliyoibandika Meneja jioni ile, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Hakuna kuchuma kabla Karimi hajasoma."