Kijana Anayejua Kinanda

Harufu ya mafuta ya taa ikinifikia popote, hata leo, vidole vyangu hukakamaa. Kinanda cha Bibi Hilda kilinuka mafuta ya taa. Kwetu Rungwe, kilimani penye misheni, mvua hunyesha mpaka mbao huvimba na nyaya hushika kutu, basi yule mmisionari aliweka koroboi ndani ya kopo chini ya tumbo la kinanda, iwake mchana kutwa na kufukuza unyevu. Kazi ya kuichunga koroboi alipewa dada yangu Sekela, kwa kuwa mama yetu alikuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ile, na Sekela alimfuata kila alasiri akitoka shule. Alichunga koroboi, na huku akichunga vidole vya Bibi Hilda. Mwenye macho haambiwi tazama. Kabla masika hayajaisha alikuwa anapiga nyimbo zote za ibada bila kuonyeshwa, na Bibi Hilda akaanza kumfundisha kusoma noti, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mshangao ambao hakuweza kuuficha.

Nyumbani hatukuwa na kinanda. Sekela aliokota ubao wa mkaratusi, akachora juu yake vibao vyeupe na vyeusi kwa mkaa wa jikoni, akanikalisha mbele yake. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi mdogo wake wa kiume kumi na miwili. Ninyi mnaonipigia makofi kumbini na kuniuliza nilianzia wapi, nilianzia pale, kwenye ubao bubu, moshi ukinitoa machozi, dada yangu akiwa na kijiti mkononi. Nikikosea alinigonga kwenye vifundo vya vidole. "Umeruka. Rudia." Nilimwuliza ameonaje kwamba nimeruka na ubao hautoi sauti. "Wewe ndiye husikii," alisema, "mimi nasikia." Na kweli alisikia. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri, silikatai hilo, lakini niliufuata wimbo kama mtu anayefuata mwenyeji njiani. Sekela ndiye alikuwa mwenyeji.

Ndipo ikaja barua kutoka mkoani. Ilikuwa miaka ile ya sabini, vijiji vinapangwa upya, kila siku barua za serikali zinaagiza hili na lile, na hii iliagiza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiota: atafutwe kijana mmoja anayejua kinanda, apelekwe Dar es Salaam kupimwa, na akifaulu asomeshwe muziki ng'ambo. Bibi Hilda alikuwa likizo kwao, na nyumba yake ilikuwa chini ya wazee wa kanisa, basi walikutania sebuleni mwake, penye hicho kinanda. Mama akaitwa, nami nikaitwa. Mzee Anyosisye, katibu wa wazee, aliisoma barua mara mbili kwa sauti ya mimbari. Mama alipiga goti kama desturi yetu ilivyomtaka, akasema anayejua ni Sekela, kila mtu kilimani anajua kwamba ni Sekela.

"Ndaga, asante, Mama Sekela," Mzee Anyosisye alimjibu kwa upole. Upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. "Tumekusikia. Lakini barua imesema kijana. Haikusema binti. Serikali wangetaka binti wangeandika binti."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kijana! Niliitafuna hasira ya neno hilo miaka mingi kabla sijapata ujasiri wa kuitema. Wiki ile ile mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepiga mbiu kwamba vijana wote wafike na majembe shamba la shule, na Sekela alifika na jembe, yeye na wasichana wenzake, wakalima mpaka malengelenge yakawapasuka, na hakuna mzee aliyewarudisha nyumbani kwa kuwa tangazo halikusema mabinti. Kwenye jembe alikuwa kijana. Kwenye kubeba mawe ya zahanati alikuwa kijana, tena kijana hodari, akasifiwa mbele ya watu. Ni pale kwenye kinanda tu ndipo Kiswahili kilipobadilika ghafla, kikaota ndevu. Nao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma, wengine walikuwa walimu. Walijua neno lile lina nafasi ya watu wawili, wakaamua kumfungia mlango mmoja wao.

Kisha Mzee Anyosisye akanigeukia. "Huyu mdogo wake naye si anapigapiga? Wewe, mwanangu, unajua kinanda?"

"Ndiyo, mzee," nilisema.

Nikapelekwa, nikapimwa, nikafaulu. Bibi Hilda aliporudi na kusikia, alisema Mungu ana mpango wake, akaenda kufungua masanduku yake. Angeweza kuandika barua moja tu. Hakuandika, na nilipokutana naye Ulaya miaka mingi baadaye, ameshazeeka, alijisifu mbele ya watu kwamba ni yeye aliyenivumbua. Mimi nilitabasamu kwa ajili ya picha. Sekela alimaliza darasa la saba, akaolewa, akachuma chai miaka ishirini na sita.

Nimepiga katika kumbi ambazo dari zake zina dhahabu. Nimepewa tuzo nne, na kila nikirudi nyumbani huwekwa maturubai, watu hutoa hotuba, na mzungumzaji mmoja lazima aseme chanda chema huvikwa pete. Nikilisikia hilo natamani kupindua meza. Chanda chema kilikuwa shambani kinachuma chai! Kinanda chenyewe kimekwisha kuliwa na mchwa, na pale kilimani sasa kuna shule ya muziki ambayo wasichana wamejaa tele, wanapiga na kucheka, na hakuna anayewauliza kama barua imewataja. Nawafurahia. Lakini furaha yao hainipunguzii kitu, maana nimewalaani wazee wale muda mrefu ili nisifike kwenye jambo langu mwenyewe.

Mwaka jana nilifika. Nilimkuta Sekela uani kwake, anachambua maharage, magoti yanamsumbua. Nilimwambia kwamba siku ile ya barua hakuitwa, hakuwepo, kwa hiyo hajui, na ni haki yake ajue: waliniuliza mimi kama najua kinanda, na ningeweza kusema Sekela ndiye aliyenifundisha, na sikusema. Nilitaka safari yangu. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ninachokifanya.

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Nilikuwepo, mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika sinia la chai ya wazee. Nilisikia ulivyoulizwa, nikangoja utaje jina langu. Nilingoja mpaka chai ikaanza kupoa. Basi nikaingia, nikawapa wazee. Nikakupa na wewe kikombe chako, ukakipokea."