Sindano ya Mama Uwanjani

Harufu ya kiberiti ilikaa Goma hata baada ya moto wa mlima kupoa. Uliivuta ukiwa umelala mtaani kwetu Majengo, uliikuta ndani ya maharagwe. Msimu ule mlima ulikuwa umetapika, waasi nao ilisemwa wako njiani, kwa hiyo askari walipekua kila kitu, hata nepi za watoto. Nilikuwa msichana wa darasa la pili.

Mama yangu aliugua sukari, nayo ilikuwa imeanza kumla macho. Daktari alisema Kinshasa yuko mwenzake wa kuyaokoa, mradi tusichelewe. Mjomba akauza ng'ombe, tukapata viti kwenye ndege. Dawa ya mama ilikaa ndani ya temosi ya maji baridi, pamoja na sindano ya kioo iliyofungwa kitambaa. Mlangoni pa uwanja wa ndege askari akainua kichupa cha dawa.

"Mama, hii ni nini?"

"Dawa yangu ya sukari, papa," mama akamjibu kwa heshima.

"Onja kwanza."

Kwetu anayekupa pombe hutangulia yeye kuinywa, ujue hakuweka sumu. Askari yule alilelewa hivyo, basi akaipima dawa kama pombe.

"Hii hainywewake, papa. Ni ya sindano."

"Onja, mama, kisha utupitishie na sisi!" mtu akapaza sauti kwenye foleni, watu wakacheka.

Mama akavuta tone kwa sindano, akalidondosha ulimini, akameza. Askari akaridhika, akamrudishia kichupa. Sindano akabaki nayo.

"Kitu cha ncha hakipande ndege. Chagua, mama: sindano ama safari."

Ndege ingelala Kisangani, tusikojua mtu wa kutupa sindano nyingine. Bila kudungwa, mama asingefika Kinshasa mzima. Hakubishana. Alinyoosha mkono akachukua sindano yake, tukasimama nje, nikawa namsimulia jinsi ndege inavyopaa bila sisi.

Macho yake yakazima kabla ya mvua kurudi. Nikaacha shule ili nimshike mkono sokoni. Yeye alichagua maharagwe kwa vidole, mimi nikabishana na wateja. Biashara nilijifunzia pale, na nyumba ninayolala nimeijenga nayo. Sitaki huruma ya mtu.

Leo sukari imenifikia na mimi. Uwanjani natoa sindano zangu pamoja na karatasi ya daktari, ya Kifaransa. Binti wa mashine ya kukagua mizigo anaisoma, anasema, "Pita, mama." Karatasi ya namna hiyo ingemwachia mama macho yake. Mimi siwezi kuisoma. Nimeambiwa tu kwamba inasema huyu ni mgonjwa, apite na sindano yake.