Wiki Tatu za Kubishania Linux

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Wakati wa vita, hapa Rumonge, hasira zangu zilinigombanisha na mwenzangu wiki tatu nzima juu ya Linux ipi, yaani programu ipi ya kuendeshea kompyuta, iwekwe kwenye mashini moja ya ofisi. Watu wanashuka milimani na mikeka kichwani, mimi nabishania diski. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kutafuta watu waliopotezana. Kila kambi ya waliokimbia, toka Kabezi mpaka Kigwena, ilijaza karatasi tulizoziita fishi: jina la mtoto, la mama, la baba, na kilima alichotoka. Zilitufikia zimefungwa kamba mafungumafungu. Sasa, kwetu Burundi ndugu wa tumbo moja hawana jina la ukoo, kila mmoja ana lake. Lakini aliyechapisha zile fishi huko mbali alitaka jina la ukoo pale juu kabisa. Basi mmoja kaandika jina la babu, mwingine jina la ubatizo, mwingine kaacha wazi. Kuzipanga kwa mkono ilikuwa kujitafutia wazimu. Ndiyo maana tukaletewa kompyuta tatu kuukuu, moja iwe seva na ishike majina yote, ili mama akija tumtafute mtoto kwa jina la mama mwenyewe.

Na mama alikuwepo. Alitoka Gatete kwa miguu kila asubuhi, akakaa kizingitini na kikapu chake cha mawese. Binti yake wa miaka tisa alimponyoka mkononi siku walipokimbia risasi.

"Amahoro. Mashini iko tayari?"

"Bado kidogo, mama. Kesho."

Hiyo kesho tulimpa kila siku.

Tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu alisomea Bujumbura na hakuacha mtu asahau. Yeye alitaka Linux iliyotengenezwa na Wafaransa: diski moja, picha za kubonyeza, inakusalimia kwa Kifaransa safi. Mimi nilitaka ile ya diski saba, haina sura wala salamu, lakini niliwahi kuiona ikizimiwa umeme ghafla na ikaamka nzima. Hapa kwetu kura, ndiyo umeme wenyewe, inakatika bila kuaga, na seva isiyojua hilo haitufai.

"Hiyo yako ni ya wewe peke yako," akasema. "Siku ukifa nani ataielewa?"

"Na siku yako ikifa yenyewe?"

Shefu, mkuu wetu wa ofisi, ambaye hakujua kama Linux ni dawa au ni samaki, akachagua ya mwenzangu kwa sababu ilijua Kifaransa. Ikawekwa Jumatatu. Jumatano kura ikakatika mara mbili kabla ya adhuhuri. Seva ilipowaka tena ikaanza kujikagua, ikajikagua saa nzima, halafu ikatuuliza maswali ambayo hata msomi wetu hakuyaelewa. Fishi zote tulizokwisha kuingiza zikapotea. Nilitakiwa nisikitike. Wallahi nilicheka, tena mbele yake, na toka siku hiyo tukawa mafahali wawili katika zizi moja.

Zamu yangu ikafika. Diski ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, ya tatu ilikuwa imekwaruzika. Nyingine ilikuwa Bujumbura kwa rafiki yangu, na njia ilikuwa imefungwa pale Kabezi. Hata ikifunguliwa, magari yanatembea nyuma ya askari tu, siku wanayotaka wao. Mwenzangu akaja na shauri. Turudishe ile ya Kifaransa, tuifunge na betri ya gari, kura ikikatika isijue. Shauri lilikuwa zuri. Nililijua zuri palepale, na nilikataa kwa sababu lilitoka kinywani mwake.

"Haraka haraka haina baraka," nikamwambia. Mama wa Gatete alikuwa amekaa palepale mlangoni, anasikia.

Siku moja alituomba tumsomee fishi hivyohivyo, moja moja. Shefu akakataa. Sheria yake ilikuwa kwamba fungu halifunguliwi kamba mpaka siku ya kuingizwa kwenye mashini, maana zamani zilichanganywa na watu wakahesabiwa mara mbili. Nami sikumtetea mama. Nilikuwa na hamu aone seva yangu ikifanya kazi.

Diski ikafika baada ya siku kumi. Nikamaliza kazi mchana mmoja. Kura ikakatika, ikarudi, na hakuna herufi iliyopotea. Nilimtazama mwenzangu kwa namna ambayo sasa inanitia haya. Tukaanza kuandika, fungu kwa fungu, hadi yakatuishia. Hapo nikakumbuka moja lililobaki. Lilikuwa chini ya skrini yangu. Skrini ilikuwa fupi, shingo ikaniuma, nikaiinua kwa fungu la Kigwena, na katibu wetu, anayefunika kila kitu kwa vitambaa vya kufuma, akalifunika. Wiki tatu nimegombana juu yake.

Fishi ya nne ilikuwa na jina la mama yule.

Nikaiandika kwenye seva, nikambeba mama kwenye baiskeli mpaka Kigwena. Njia nzima alishika shati langu kwa mikono miwili. Mkuu wa kambi akaitazama fishi, akatutazama sisi.

"Mutoto huyu alikuwa hapa. Familia iliyomulea imevuka ziwa naye, wamekwenda Tanzania. Ni Jumanne ya juma lililopita."

Jumanne hiyo ilikuwa siku ya sita toka nilipolikataa shauri la betri.

Nilitaka mama anitukane. Hakunitukana. Aliweka kidole juu ya jina lake pale kwenye karatasi.

"Ni yeye mwenyewe alisema jina yangu?"

"Ni yeye, mama."

"Basi nipe hiyo karatasi."

Shefu aliagiza irudi ofisini. Nikampa mama. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akanishukuru: murakoze. Wiki iliyofuata alipanda mtumbwi kwenda kumtafuta, na sikumwona tena.

Seva yangu ilidumu miaka, ilikatikiwa umeme isivyohesabika na haikupoteza jina hata moja. Mara nyingi, nikiwa peke yangu, niliandika jina la mama yule nione. Ilinijibu kabla sijainua kidole: Kigwena.