Barua Inasema Hakuwako

Barua inasema mume wangu hakuvuka mpaka wa Somalia. Miezi ile yote, inasema, alikuwa kambini bara, kwenye ghala la sare, akigawa buti na mablanketi. Mkalimani aliyefuatana na kikosi upande wa pili "alikuwa raia mwenyeji wa huko", jina lake halikuandikwa, na raia hapewi nishani. Chini kuna sahihi ndefu na muhuri wa zambarau. Niliisoma mara tatu, kisha nikaitia chini ya kikapu changu cha nyuzi, kwa sababu ingebaki mkononi ningeichana.

Raia mwenyeji wa huko! Mtu aliyezaliwa Faza, akasoma Faza, akaingia jeshini kijana na kutoka na mvi. Hata kitambulisho alipokiomba ujanani alitakiwa alete karatasi za babu yake, maana sisi watu wa visiwa hivi kila tukifika mbele ya meza ya mtu lazima tuthibitishe kwamba nchi hii ni yetu pia. Akathibitisha, akapewa kitambulisho, akapewa bunduki, na mwisho wa yote wamemrudisha kule kule kwa kalamu.

Mimi nashona kofia hapa kisiwani Amu, ndiyo kazi yangu tangu nikiwa mwari. Kofia ina vitundu mia kadhaa, na ukikosea kimoja unafumua. Unapoteza siku mbili, unatukana kidogo, lakini unafumua. Watu wa ofisi ile hawajui kufumua.

Nitaeleza mimi ilivyokuwa, kwa kuwa yeye hasemi. Asubuhi moja gwarideni ofisa aliuliza nani anafahamu maneno ya watu wa visiwa vya ule upande. Mume wangu akanyoosha mkono. Kwani ni maneno ya nani? Lugha ya Faza na ya kule ni moja, na shangazi ya mamake aliolewa kule akazaa na kuzikwa huko. Jioni ile ile akapandishwa lori. Hakuhamishwa, aliazimwa tu, kama sufuria inavyoazimwa na jirani mwenye karamu, na jina lake likabaki kwenye daftari la ghala.

Kazi yake kule ilikuwa kutangulia. Kikosi kikifika kijijini, wenzake walibaki nyuma ya kuta, yeye akaenda mlangoni peke yake, akabisha, akatoa salamu. Akauliza kama kuna mgonjwa, kama njia imetegwa bomu, na kisima je. Njia moja ilikuwa imetegwa na hakuna aliyewaambia, na tangu siku hiyo sikio lake la kushoto halisikii kitu. Mpaka leo nikitaka kumgombeza lazima nizunguke nikae kulia kwake, nikifika hasira zimeshapungua nusu.

Muda wa kuazimwa ulikwisha kabla kikosi hakijarudi. Alirudishwa ghalani, na wenzake walipovishwa nishani uwanjani yeye alikuwa anahesabu soksi. Wakamwambia yake itakuja. Alistaafu ikiwa bado inakuja, na katika kitabu chake cha utumishi ukurasa wa nishani ni mweupe kabisa.

Ingekuwa ni nishani tu nisingejisumbua. Si kitu cha kupika wala cha kuvaa sikukuu. Lakini miaka michache iliyopita alihamia Faza mwanamke mmoja kutoka ule upande, akakaa kwa jamaa zake. Ijumaa moja mume wangu alikuwa kule kumtazama mamake; mwanamke huyo akamwona akitoka msikitini, akasimama njiani, akasema mbele ya watu: huyu ndiye aliyekuja mlangoni kwetu na askari, na siku ya tano ndugu yangu akachukuliwa.

Mume wangu akajibu kwamba alikuwa askari kama askari wengine. Hapo ndipo watu walipomkamata kwa maneno. Wastaafu wengine waliokwenda kule wana nishani, wakasema, zinaonekana kwenye sherehe za serikali; yako iko wapi? Hakuwa nayo. Basi wakajaza wenyewe. Wakasema hakuwa askari kule, alikuwa mpelelezi, alikwenda kuonyesha kwa kidole nyumba za watu wake na kulipwa kwa kila kichwa. Maneno yakavuka maji mpaka kwetu Amu, na nikayasikia kwa mwanamke aliyekuja kununua kofia ya mwanawe.

Kisha mamake mume wangu akafariki, Mungu amrehemu, tukaenda Faza kuzika. Baada ya maziko wanaume walipanga mstari kuwapa mkono wafiwa. Mimi nilikuwa dirishani juu na wanawake wenzangu, naona kila kitu. Walimpa mkono kaka yake mkubwa, wakampita yeye, wakampa mkono mdogo wake. Si wote, wako waliompa. Lakini nilianza kuwahesabu waliompita nikaacha, na kila aliyekuja, mume wangu alinyoosha mkono tena kana kwamba yule wa mbele hakufanya kitu. Nilitaka kushuka na ufagio. Siku ya kumzika mamake!

Usiku huo nilimwambia kwamba nitaitafuta nishani yake mpaka niipate, na nikiipata nitaipeleka Faza mimi mwenyewe nikaipigilie misumari kwenye mlango wa msikiti. Akasema, "Haya, Bi," kama anavyosema siku zote anapotaka nilale.

Tuliandika maombi, na jibu lake ndilo barua hiyo ya raia mwenyeji. Tukasikia kwamba ofisa wa kumbukumbu atafika Mokowe kusikiliza malalamiko ya wastaafu, tukavuka. Alikuwa kijana msafi mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na alizungumza na mimi kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Mama, tulia kwanza."

"Nimetulia miaka yote, mwanangu. Leo nimekuja nikiwa sikutulia."

Akacheka. Akasema rekodi haibadilishwi kwa maneno ya mwenyewe. Alete hati za kiapo za watu wawili waliomwona kule kwa macho yao, akiwa na sare. Nikamwuliza, lazima wawe askari? Akafikiri, akasema hapana, yeyote aliyemwona.

Mmoja tulijua pa kumpata. Sajini aliyekuwa na kikosi kile naye amestaafu, ni Mkristo wa bara, amenunua shamba Kililana, analima mahindi na simsim mahali ambapo ukiinua kichwa unaona winchi za bandari mpya. Alitoka shambani na buti za mpira, akamkumbatia mume wangu mpaka wote wawili wakawa na tope.

"Huyu jamaa ndiye alikuwa anatangulia," aliniambia. "Sisi tumelala chini, yeye anapiga hodi. Kila mlango, mama. Hawajampa? Hadi leo?"

Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa mbegu za maharage. Nishani yake ilikuwa humo chini ya mbegu. Akaifuta kwa suruali, akamwekea mume wangu kiganjani.

"Chukua. Mimi nitaivaa wapi, kwa ng'ombe?"

Mume wangu akaitazama, akaigeuza, akamrudishia. "Ahsante, ndugu yangu. Hiyo si yangu." Nakiri kwamba moyoni nilikuwa nimeshaipokea na kukimbia nayo. Sajini alikwenda nasi kwa wakili akaapa, na hakutaka hata nauli.

Wa pili hatukumpata. Mmoja amekufa, mwingine simu yake haipatikani, ofisa wao amehamia ng'ambo na hajibu. Tulirudi Amu na hati moja, na siku kadhaa nilishona nikiwaza nani mwingine alimwona. Nilikuwa natoboa kofia ya harusi niliposimamisha sindano. Katika dunia nzima, mtu anayesema kila siku kwa sauti kubwa kwamba mume wangu alikuwako ni mmoja, naye anakaa Faza.

Nilipomwambia mume wangu, alisema, "Usende." Katika ndoa yetu yote hajawahi kunikataza njia, ndia kama tusemavyo hapa, hata siku nilipostahili kukatazwa. Nikakasirika naye pia. Nikamwambia akae na heshima yake iliyopitwa mstarini, mimi nakwenda. Nikapanda boti ya abiria asubuhi.

Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nilitaka kumwambia: umemchafua mume wangu kwa ulimi wako, sasa msafishe kwa ulimi huo huo. Nilimkuta uani anachambua mchele, mwanamke mwembamba wa umri wangu. Alijua mimi ni nani kabla sijasema. Akanipa maji, akanipa mkeka, akaendelea na mchele wake. Nikaeleza habari ya barua na ya kiapo, na maneno makali sikuyapata.

"Yasema hakuwako?" aliuliza.

"Yasema alikuwa bara, akigawa buti."

Akaweka ungo chini. "Nalimuona kwa mato yangu. Alikuya na sare. Kofia ya chuma kaivua, kaishika mkononi, asitutishe. Akatoa salamu, salamu ya mtu aliyelelewa. Ndugu yangu hakutaka kufungua. Mumeo akamwambia: fungua, mimi ni mtu wenu, nakupa neno langu hakuna atakayekugusa. Akafungua. Akawaonyesha ndia isiyotegwa. Siku ya nne hao askari wakaondoka. Siku ya tano wakaya watu wengine na bunduki, siyui wa nani, wakamtwaa kwa sababu alifungua mlango." Akanitazama. "Hakukwambia hayo?"

"Hakunambia."

"Basi andika, nikaweke kidole kwa wakili. Wampe nishani yake. Aivae kifuani ing'ae, nami nimuone tangu mbali nigeuze ndia."

Alikwenda nami kweli, akaapa, akaweka dole gumba lake kwenye karatasi, akajipangusa wino kwa upande wa buibui. Hatukuagana.

Ndani ya boti nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimkasirikia yule mwanamke, lakini haikukaa. Nikamkasirikia mume wangu kwa kunificha, na hiyo ilikaa mpaka gatini Amu. Halafu nikawafikiria wale waliomtanguliza. Walihitaji mdomo wa Faza kuwafungulia milango, wakautumia. Neno alilotoa mlangoni lilikuwa neno lao wote, na wao walipakia vitu vyao siku ya nne. Leo wanatuandikia kwamba mdomo ule haukuwa na mwenyewe.

Nilimwekea mezani ile hati ya kiapo, nikakaa upande wake wa kulia. Akaisoma polepole.

"Ulijua mtaondoka?" nilimwuliza.

"Naliambiwa tutakaa."

"Na kwa nini hukunambia?"

"Ungenitetea," alisema. "Sikutaka kutetewa kwa hilo."

Nikamwambia tuiache basi. Nikasema nishani iliyopitia kwenye kidole cha yule mwanamke siitaki nyumbani kwangu, na misumari yangu ya mlango wa msikiti nimeitupa. Nilikuwa nalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na nyuzi zimemwagika sakafuni.

"Nishani wakae nayo," alisema. "Mimi nataka jina. Wao wasema sikuwako, Bi. Kama mimi sikuwako, hapana aliyebisha mlango ule. Hapana aliyetoa neno. Na yule ndugu yake hakumfungulia mtu. Yule mwanamke atakwenda kumdai nani?"

Akaomba kalamu. Mtu huyu hajaandika barua hata moja katika habari hii yote, zote niliziandika mimi naye akatia sahihi. Safari hii aliinama mwenyewe, akaandika mistari miwili, nikaisoma begani kwake. Aliandika kwamba anaambatanisha viapo viwili, na kwamba mkalimani aliyeahidi usalama kwenye mlango unaotajwa katika kiapo cha pili hakuwa mwenyeji wa huko. Ni mimi, aliandika, na chini yake akaweka jina lake lote mpaka la babu, na nambari yake ya jeshi, tarakimu zote, bila kufungua kitabu chochote.