Sauti ya Marehemu Iliyobaki Ndani ya Mashine

Tulikuwa watatu nyumbani kwangu Pasiansi: mimi, wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, aliyevuka ziwa kutoka Nansio, na mjukuu wangu wa kike anayesomea kompyuta. Majina yao ninayo, wenyewe wameomba nisiyaandike.

Wifi alikuja kumsikia kaka yake. Marehemu alituachia kaseti moja, anataja watu wa ukoo. Tulisikia mwanzo tu, kisha mjukuu akachomeka waya, sauti ikawa inaingia kwenye kompyuta ya mezani kimyakimya. Kaseti ilipoisha akakuta utepe umemwagika ndani ya redio, umekatikakatika. Hakushtuka. Sauti si tayari ilikuwa kwenye mashine?

Alipotaka kuihifadhi, programu ikagoma, nafasi imejaa. Nikamuuliza, na ile kumbukumbu tuliyoongeza juzi?

"Bibi, chukulia vibao vya namba za nyumba vina tarakimu mbili tu. Baada ya tisini na tisa, nyumba inayofuata ipo, ila haina anwani. Programu hii ni ya zamani, huko haifiki."

Kuifunga programu akaogopa, sauti ingepotea. Akaamua kuilaza mashine nzima: yote iliyoyashika kichwani yaandikwe kwenye diski yalivyo, ikiamka iendelee palepale, mwalimu wake aje kuitoa ile sauti. Kioo kikawa cheusi, mashine bado inaandika. Wingu likawa limetanda ziwani, tukatoka mimi na yeye kuanua nguo.

Radi ikapiga. Wifi, aliyebaki ndani, akafanya tunachofanya sote tangu utoto: akafunika kioo cha ukutani kwa khanga, akachomoa nyaya zote. Ya televisheni, ya redio, na ya kompyuta, maana aliiona nyeusi.

Mjukuu alipoiwasha tena, ilianza upya, ile sauti haimo. Akakaa sakafuni. Wifi akauliza kama haikuwa imezimwa, mjukuu akamweleza kwamba ilikuwa bado inaandika.

"Nilikuwa naiokoa, wifi," akaniambia.

Nikamwambia najua.

Majina ya ukoo ninayo yote, hata ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Lakini nikiyataja yanatoka kwa sauti yangu. Yake naitafuta, siipati. Hata ule mwanzo tuliousikia, mimi nasema alikohoa ndipo akasalimu; wifi anasema alicheka. Hatuna tena pa kusikiliza. Wewe uliyemfahamu, ukiona nimekosea nisahihishe, uniambie alikuwa akichekaje.