Popo Mia Nne Wasio na Lebo

Saa mbili na robo asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha makumbusho, mwanamke wa miaka hamsini na minane anamtoa popo kwenye mtungi wa spiriti kwa kibano, anamkausha kwa kitambaa, kisha anamnyoosha bawa na kuliinua dirishani mwanga upite.

Bawa lina tundu dogo karibu na kidole cha nne na mpasuko mfupi pembeni. Anafungua daftari, anapekua kurasa mbili, tatu, tano. Hakuna mchoro unaofanana. Anasonya, anamrudisha, anachukua mwingine.

"Huyu nimeshamtazama mara tatu," anasema. "Lakini mjinga si yeye. Mjinga ni aliyekata lebo yake."

Wenzake humwita Mama Popo. Ni mtunza vielelezo kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ni kuhakikisha kila mnyama aliyehifadhiwa humu anajulikana alitoka wapi, lini, na nani alimleta. Mwakani anastaafu.

Popo wake ni wa jamii ya pua-jani. Puani wana ngozi iliyokunjamana kama jani, nayo huelekeza sauti wanayoitoa ili wajue kilicho mbele yao gizani. Aina zao ni nyingi, na baadhi zinafanana hadi wataalamu wanakosea. Tofauti yaweza kuwa milimita mbili za mfupa wa mkono, au vikunjo vidogo kandokando ya pua: huyu ana viwili kila upande, yule ana vitatu.

Aliyewakamata ni kaka yake, mtega nyavu wa makumbusho hayohayo. Kwa miaka kumi na moja alileta popo 412 kutoka sehemu saba. Kila mmoja alimfunga mguuni kikaratasi chenye namba kwa uzi wa pamba, akaandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti. Bila namba hiyo, daftari lake, alimoandika kila popo alitoka wapi na lini, halisemi chochote.

"Kaka alikuwa akiniambia, 'Mdogo wangu, popo bila lebo ni mzoga uliooga.'" Anatabasamu kidogo, halafu tabasamu linakatika.

Miaka miwili iliyopita figo za kaka zilishindwa kazi, akafariki. Mama Popo alichukua likizo ya siku kumi kwenda kumzika.

Katika siku hizo kumi, mkuu mpya wa idara aliita vibarua kusafisha rafu kwa ajili ya wageni. Orodha ya ofisi ilisema popo wale wote ni aina moja. Basi mitungi midogo sitini ikamiminwa kwenye mikubwa mitano. Vikaratasi vilikuwa vimegeuka rangi ya chai, havipendezi, vikakatwa kwa mkasi na kutupwa. Zikatumbukizwa lebo mpya, safi, zilizotoka kwenye printa. Kabla wiki mbili hazijaisha wino wake ulikuwa umeyeyuka, na spiriti ikawa ya buluu.

"Natoka kumfukia kaka, nakuta wamemfukia mara ya pili," anasema. Sauti haipandi. Anaweka kibano chini.

Hasira hiyo sasa ina tarehe. Popo arobaini na wanne kati ya wale walitoka katika pango moja la mawe ya chokaa. Kampuni ya kuchimba mawe inataka kulilipua, na kamati ya mazingira itatoa uamuzi tarehe ishirini na nane ya mwezi huu. Kampuni inasema popo wa pangoni wapo tele kwingine.

Kaka aliandika vingine. Popo wa pango lile ni wadogo zaidi, sauti yao ni nyembamba zaidi, na pua zao zina vikunjo vitatu kila upande. Aliamini ni aina yao peke yao. Aliugua kabla ya kuwafikishia wataalamu hoja yake. Kwenda kutega upya haiwezekani, kwa kuwa kampuni imeshazungusha uzio na mlinzi haruhusu mtu kupita.

Kamati imeuliza swali moja tu: katika mitungi ile mitano, popo gani walitoka pangoni? Huwezi kuchagua wenye vikunjo vitatu ukasema ni hawa. Hilo ni kupanga jibu kabla ya swali.

Kilichomwokoa Mama Popo ni tabia ya kaka iliyokuwa ikichekwa. Kila popo aliyemkamata alimchora bawa: kila tundu, kila mpasuko, kila kovu. Ofisini walimwita Fundi Viraka, wakamwambia anamaliza penseli za serikali. Leo michoro hiyo, pamoja na kipimo cha mfupa wa mkono, ndiyo njia pekee ya kumrudishia popo namba yake. Kalipa, kifaa cha kupimia milimita, Mama Popo aliinunua mwenyewe kwa nusu ya mshahara wa mwezi, baada ya ombi lake kukaa mezani kwa mkuu miezi saba.

Hadi leo amewatambua 203. Kati yao, 31 ni wa pangoni, na wote wana vikunjo vitatu. Katika wale 172 wa kwingine, hakuna hata mmoja mwenye vitatu. Bado kumi na watatu wa pangoni. Zimebaki siku tisa.

Mlango unafunguka. Ni mzee anayetunza chumba cha nyoka, kikombe cha chai mkononi.

"Shemeji zangu hawajasema tu, Mama Popo?" anauliza, akiwaelekezea popo kidevu.

"Na nyoka wako wenye ndimi mbilimbili, wamekuambia nini?"

Mzee anacheka hadi chai inamwagika. Kicheko kinakufa mkuu wa idara anapochungulia nyuma yake.

"Mama, bado uko na hawa? Si nilikwambia popo ni popo?"

"Bosi, faili lako la kazi tukilichanganya na mengine mia nne, tukakata majina, utasema faili ni faili?"

"Usinigeuzie maneno. Tulisafisha. Humu palikuwa pananuka."

"Humu ni nyumba ya maiti. Ulitaka panukie?"

Mzee wa nyoka anatazama dari.

Mkuu anasema hatasaini barua yoyote kwenda kwa kamati. Makumbusho hayawezi kutangaza kwamba yalipoteza lebo zake. "Unataka kutuaibisha, Mama?"

"Aibu tunayo tayari. Nataka tu ifanye kazi."

Anaondoka bila kufunga mlango. Alipoulizwa baadaye na gazeti hili, alisema yaliyofanyika yalikuwa "maboresho ya kawaida" na kwamba mtumishi huyo ameshapewa onyo kwa maandishi.

Onyo hilo Mama Popo amelitumia kufunikia kikombe chake. Barua kwa kamati alikuwa ameshaiandika mwenyewe, kwa jina lake, na kueleza yote, pamoja na habari ya mkasi. Juzi alijibiwa: wajumbe wawili watakuja kuona kwa macho yao, tarehe ishirini na tano.

Anamtoa popo mwingine. Makovu matatu, yamejipanga kama vidole. Anapekua, anasimama kwenye ukurasa, anapima mfupa, anapima tena. Kisha anakata kikaratasi kipya, ananoa penseli na kuandika namba. Chini yake anaandika jina la kaka yake kama mkamataji, bila haraka. Wa pangoni, wa thelathini na mbili.

"Nitawawekea meza hapa," anasema akikaza fundo mguuni. "Daftari upande huu, popo upande ule. Sitawahutubia. Nitawaambia wahesabu vikunjo wenyewe, mmoja mmoja."

Anamtumbukiza popo kwenye mtungi wake.

"Na bosi nitamwekea kiti. Ahesabu na yeye."